Kuisoma Bunduki Bila Kuisugua

Juu ya chemba ya bunduki ya Kijapani aina ya 99, mbele kidogo ya mahali komeo linapofungia, pana sehemu ndogo inayosema mengi. Kila bunduki ya jeshi ya aina hiyo ilipokuwa ikitengenezwa ilipigwa hapo chapa ya ua la krisanthemamu lenye petali 16, alama ya Mfalme wa Japani, kuonyesha kwamba silaha ni mali yake na askari amekabidhiwa tu. Katika nyingi zilizofika Marekani ua hilo halipo. Limepigwa tupa, au limekwanguliwa kwa patasi, au limesagwa kwa jiwe la mashine. Wanaozifahamu silaha hizi wanaeleza kwamba Japani iliposalimu amri mwaka 1945, ua lilifutwa kabla bunduki hazijakabidhiwa, ili alama ya Mfalme isiangukie mikononi mwa mshindi. Ukilikuta zima, yaelekea bunduki ilichukuliwa vitani, porini au pangoni, kabla ya mtu yeyote kupata nafasi ya kushika tupa.

Mrithi asiyejua hulitazama kovu lile akaona uharibifu. Huipeleka bunduki kwa fundi wa kwanza anayemjua, pakasawazishwa na kutiwa rangi mpya, akarudi nyumbani ameridhika. Hajui kwamba amelipa pesa zake kufuta mstari wa kwanza wa historia ya babu yake.

Nimekuwa nikimtazama mzee mmoja wa Ohio akiifanya kazi hii vingine, na ninachokisifu kwake ni mkono unaojua kujizuia. Maisha yake yote alikuwa fundi wa kukereza vyuma. Akitaka, ana uwezo wa kuifanya bunduki ya miaka 80 ing'ae upya kwa muda wa wiki moja. Hataki. Watu humletea silaha walizozikuta darini au nyuma ya kabati baada ya kumaliza msiba, na karibu wote huja na ombi lile lile, kwamba aisafishe ipendeze. Naye huwauliza kama wanataka pambo la ukutani au wanataka kumjua babu yao. Wapo wanaochukua bunduki yao na kuondoka. Hawalaumu, anasema ni mali yao.

Kabla ya lolote huhakikisha haina risasi, hata kama mwenye nayo ameapa mara tatu. Hufungua komeo, hutazama ndani ya chemba, kisha huingiza kidole cha mwisho apapase. Baada ya hapo hakuna skrubu inayoguswa mpaka picha zimekwisha. Huzima taa kubwa ya chumba, akaweka taa ndogo usawa wa meza, mwanga ukapita juu ya chuma kwa ubavu kama jua la magharibi linavyopita juu ya mchanga wa pwani na kuonyesha kila unyayo. Alama ambazo mchana kutwa hazikuonekana huchomoza zenyewe. Pembeni ya kila moja huweka rula, akapiga picha, akaandika kwa penseli kwenye daftari: ipo wapi, ina urefu gani, imepigwa kwa chapa au imechongwa kwa mkono.

Upande wa kushoto wa bunduki ya 99 husomwa kwa mpangilio. Kuna herufi ya Kijapani ndani ya duara, halafu nambari ya bunduki, halafu alama ya kiwanda. Herufi ni ya toleo. Kila toleo lilihesabiwa hadi kufikia 99,999, kisha likafunguliwa jingine kwa herufi inayofuata katika mpangilio wa kale wa iroha. Kiwanda cha Kokura kilitumia mchoro wa tufe nne za mizinga zilizopandana. Nagoya walichora samaki wawili wanaopamba paa la ngome ya mji wao. Juu, nyuma ya ua au kovu lake, kuna maandishi matatu yanayotaja aina, na 99 hiyo inatokana na mwaka 2599 wa kalenda ya kifalme ya Japani, ambao kwetu ni 1939. Kuna pia tundu dogo la kutolea gesi. Likiwa moja, ndiyo aina ya 99, yenye risasi ya milimita 7.7. Yakiwa mawili, huenda umeshika kaka yake mkubwa, aina ya 38, wa milimita 6.5.

Mwaka wa kutengenezwa haukuandikwa popote. Hilo ndilo linaloifanya kazi iwe tamu, kwa sababu fundi hulazimika kuukadiria kwa kusoma namna ya utengenezaji wenyewe. Zile za mwanzo zilitunzwa sana: ndani ya mtutu zimepakwa kromiamu dhidi ya kutu, chini zina mguu mmoja wa waya wa kuegemea, kwenye kilengeo zina mikono miwili ya kukunjua kwa kupimia ndege, na juu ya komeo lipo bati la kuzuia vumbi. Kadiri vita vilivyozidi kuibana Japani, vitu hivyo vilianza kuondolewa kimoja kimoja. Mguu wa waya ukaachwa, mikono ya kupimia ndege ikaachwa, kromiamu nayo ikafuata. Za mwisho kabisa zina kilengeo kisichosogea, kitako kilichofunikwa kwa kipande cha ubao kilichopigiliwa misumari pale palipokuwa na bati la chuma, na mikwaruzo ya mashine ambayo hakuna aliyepata muda wa kuilainisha. Mzee hupitisha ukucha juu ya mikwaruzo hiyo kwa heshima ya mtu wa kazi ile ile. Kuna mara aliniambia kwamba aliyekereza chuma kile alijua kukereza vizuri. Alichonyimwa ni saa. Nakubaliana naye, na ndiyo maana inanikera kusikia wauzaji wakiziita bunduki hizo takataka.

Ubao nao una mitego yake. Kitako cha bunduki hizi kiliungwa kwa vipande viwili, cha chini kikashikamana na cha juu kwa kiungo cha mkia wa njiwa, na mstari wa muungo unaonekana wazi ubavuni. Namna hiyo iliokoa mbao na haikudhoofisha kitako. Lakini mrithi akiuona mstari huo hudhani ni ufa, akaujaza gundi. Vanishi nayo haifanani na ya dukani. Wajapani walitumia urushi, utomvu wa mti ulio wa ukoo mmoja na mkorosho, na yeyote aliyewahi kubangua korosho mbichi kwa mikono mitupu anaweza kukisia madhara yake kwa ngozi. Ukiukwaruza ubao ule kwa msasa unapoteza vanishi ya asili pamoja na jasho na moshi uliokolea humo, na vumbi lake linaweza kukuwasha juma zima. Mzee huufuta ubao kwa kitambaa kikavu cha pamba, basi. Kwenye chuma hutofautisha kutu hai, ile nyekundu inayobaki kwenye kitambaa, na ule weusi wa kahawia uliotulia ambao umekuwa ngozi ya bunduki. Ya kwanza huilowesha mafuta mepesi, akaisubiri, akaiinua kidogo kidogo kwa ncha ya mwanzi. Ya pili haiguswi.

Siku niliyokuwepo, kijana mmoja alikuja na bunduki ya babu yake mzaa mama, imefungwa ndani ya blanketi. Ua lilikuwa limesagwa. Bati la vumbi halikuwepo, jambo la kawaida. Kijana alitueleza hadithi aliyolelewa nayo: babu aliipokonya kwa mdunguaji wa Kijapani Okinawa, baada ya kupambana naye ana kwa ana. Mzee alisikiliza hadi mwisho bila kukatiza, akaandika neno kwa neno, akauliza nani alimhadithia, mwaka gani, na kama mtu huyo alisikia kwa babu mwenyewe au kwa mwingine. Ndipo akachagua bisibisi.

Bisibisi zake amezinoa mwenyewe, kila moja kwa upana wa mfereji wa skrubu yake, kwa kuwa bisibisi isiyojaa mfereji huuchubua, na mchubuko huo utasomwa na atakayekuja baadaye kana kwamba nao ni wa vita. Alizungusha skrubu ya bati la kitako robo robo, akisikiliza. Bati lilipotoka, chini yake ubao ulikuwa mweupe, haujawahi kuona jua, na juu ya ubao ule palikuwa na tarakimu nane zilizoandikwa kwa wino uliofifia, mbili za mwanzo zikiwa 35.

Kijana alidhani ni nambari ya kiwanda. Ilikuwa ya babu yake. Katika jeshi la nchi kavu la Marekani wakati ule, nambari ya askari iliyoanza na 3 ilikuwa ya mtu aliyeitwa jeshini kwa sheria, na tarakimu ya pili ilionyesha kanda alikoitwa. 5 ilikuwa kanda ya Ohio, Indiana, Kentucky na West Virginia. Askari wengi waliandika majina au nambari zao kwenye silaha walizoruhusiwa kurudi nazo ili zisipotee melini. Kwa hiyo kabla ya karatasi yoyote kufunguliwa, ubao ulikuwa umekwisha kusema kwamba mtu wa pande hizi, aliyeitwa kwa lazima, aliishika bunduki hii na akataka ijulikane ni yake.

Karatasi ndizo zilizoleta uzito. Kijana alikuwa na nakala ya cheti cha babu yake cha kuachishwa jeshi. Vyeti vya aina ile vina sehemu inayoonyesha tarehe ya kuondoka Marekani, eneo alikopelekwa na tarehe ya kufika, na sehemu nyingine ya mapigano aliyoshiriki. Babu aliwasili Pasifiki Septemba 1945. Vita vya Okinawa viliisha Juni mwaka ule. Kwenye mapigano pameandikwa kwamba hakuna.

Hapa ndipo nilipoona ufundi wenyewe, maana mtu mwingine angefanya moja ya mambo mawili: angenyamaza ili asimvunje moyo kijana, au angejionyesha mjuzi kwa kumwambia kwamba babu yake alikuwa mwongo. Mzee aliiweka bunduki katikati ya meza na kumwonyesha kovu la ua. Akamweleza lilivyofutwa na sababu yake. Akamwonyesha kwamba bunduki za wadunguaji za aina ya 99 ziliwekewa darubini upande wa kushoto, na kwamba chuma hiki hakina hata dalili ya tundu la kuifungia. Halafu akamuuliza kama babu mwenyewe aliwahi kuitamka Okinawa. Kijana akafikiri kwa muda mrefu. Hapana, alisema, Okinawa aliisikia kwa mjomba, na mjomba alikuwa mtoto bunduki ilipofika nyumbani. Babu alikuwa akisema tu kwamba aliipata kule.

Kwenye jalada analoliandalia kila bunduki aliandika yote mawili. Hadithi ya Okinawa imo, pamoja na jina la aliyeisimulia, kwa sababu familia iliishi nayo miaka mingi na hiyo nayo ni historia. Chini yake imo tarehe ya cheti na maelezo ya kovu. Hakuandika kwamba bunduki ilichukuliwa kutoka kwenye rundo la silaha zilizokabidhiwa, ingawa sote pale chumbani tulikuwa tukiamini hivyo. Nilipomuuliza kwa nini, alisema ua lililofutwa ni dalili nzito lakini si shahidi, na kwamba chuma hubadilisha mikono mara nyingi kuliko tunavyofikiri. Basi akaacha pengo.

Kijana alikuwa na bahati kuwa na cheti kile. Tarehe 12 Julai 1973 moto ulizuka kwenye jengo la kumbukumbu za wanajeshi karibu na mji wa St. Louis, ukateketeza majalada kati ya milioni 16 na 18. Kwa askari wa jeshi la nchi kavu walioacha kazi kati ya Novemba 1912 na Januari 1960, takriban asilimia 80 ya majalada yalipotea. Wajukuu wengi huandika barua huko wakajibiwa kwamba jalada liliungua, wakakata tamaa. Mzee huwaelekeza njia za kuzunguka. Askari wengi waliporudi mwaka 1945 na 1946 waliwasilisha vyeti vyao kwenye mahakama ya wilaya ili vinakiliwe, na vitabu hivyo vingi vipo hadi leo. Zipo ripoti za asubuhi za kila kombania, zilizoorodhesha nani ameingia, nani ameugua, nani amehamishwa. Majalada yaliyoungua kingo tu yamehifadhiwa na hutibiwa karatasi moja moja. Na kama babu alikuwa wa kikosi cha wanamaji wa nchi kavu (Marines), moto ule haukumgusa, kwani majalada yao hayakuwa kwenye ghorofa iliyoungua.

Nilimweleza mzee kwa nini mtu wa Afrika Mashariki anakaa na kutazama bunduki za Kijapani. Bunduki za aina hizi, 38 na 99, zilielekezwa pia kwa watu wetu. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye askari wa Keya (King's African Rifles) kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, ilishika njia ya bonde la Kabaw huko Burma mwezi Agosti 1944 katikati ya masika ya huko, matope na malaria vikiwasumbua pamoja na Wajapani, ikaingia Kalewa mwanzoni mwa Desemba na kuvuka mto Chindwin. Waliorudi hawakurudi na bunduki. Silaha ilikuwa ya serikali, ikarudishwa ghalani, na mkoloni hakuwa na hamu ya kumwona Mwafrika aliyefunzwa kulenga shabaha akienda nayo kijijini. Kilichobaki majumbani ni nishani, koti zito, picha ya studio, kitabu cha malipo kilichofungwa kwenye kitambaa. Mzee aliniuliza kama nishani hizo bado zina utepe wake, na kama kuna anayeandika ni nani alimpa nani. Alinikataza kuzing'arisha kwa dawa ya shaba kabla sijaeleza kama ninayo hata moja.

Jalada la bunduki lina ukurasa mmoja ambao siku zote hubaki na mistari michache. Ni wa askari wa kwanza, Mjapani. Ukisoma bendera za bahati njema walizobeba vitani, zilizojaa majina ya ndugu na majirani, unaweza wakati mwingine kuifikia familia, na huko Oregon lipo shirika la OBON linalofanya kazi ya kuzirudisha. Bunduki haina jina. Nyaraka nyingi za jeshi la Japani zilichomwa na wenyewe Agosti 1945. Mzee huandika kiwanda, toleo, makadirio ya mwaka, akaongeza kitu chochote ambacho mkono wa askari yule ulikiacha: mikato midogo kwenye ubao, mahali kidole gumba kilipolaza vanishi. Hapaachi patupu kabisa, na hapajazi kwa kubuni.

Kumalizia, bunduki hupakwa nta nyembamba ya aina inayotumiwa na majumba ya makumbusho, ikawekwa mahali pakavu pasipo na joto la kupanda na kushuka. Haiwekwi ndani ya mfuko wa ngozi, kwani ngozi hubeba unyevu na tindikali. Karatasi haziwekwi plastiki ya kubana wala selotepu. Hulala kwenye folda isiyo na tindikali, na nakala zake hukaa nyumba tofauti na bunduki. Anashauri pia mtu asiifyatue. Ziko bunduki za mafunzo zilizofanana sana na hizi, mitutu yake laini bila mifereji, zilizotengenezewa baruti tupu, na mwenye pupa aliyeijaza risasi halisi hugundua tofauti akiwa amechelewa.

Kijana alipokuwa akiondoka, mzee alimfungulia ukurasa wa mwisho, wa orodha ya walioishika. Nambari ya babu ilikuwa mstari wa pili, chini ya ule wa Mjapani asiye na jina. Mjomba wa tatu. Mama yake wa nne. Akamwambia aandike jina lake na tarehe ya leo. Kijana akatoa kalamu mfukoni, akaandika kwa madaha. Mzee alichomoa ukurasa, akatia mwingine, akamsukumia penseli, na kumtaka aanze upya toka mstari wa kwanza.